Barua kwa Shangazi: vitabu vya Babu visifungiwe kabatini

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Mfikishie na Bibi shikamoo yangu, umwambie nimeandika kwa herufi kubwa makusudi ili akitaka kuisoma barua hii mwenyewe macho yasimsumbue. Baba nimeshaongea naye kwa simu. Baba Mdogo na wadogo zangu wote wasalimie sana. Mimi huku Uingereza ni mzima, kazi zinakwenda, na baridi nayo imeanza kulegea.

Ujumbe wako na picha za kabati vimenifikia. Fundi amejitahidi kwa kweli. Mbao zimenyooka, vioo vinang'aa, na pale juu nimeiona nafasi mliyoiacha kwa ajili ya picha ya Babu. Umeniambia kwamba vitabu vyake vyote vitawekwa humo, kabati litafungwa kwa kufuli, na ufunguo atakaa nao Baba ili kumbukumbu ya mzee isichezewe. Naelewa kabisa. Mpendwa wako akishaondoka, kila alichokishika kinageuka kuwa cha thamani, na inauma kukiona kikitoka mlangoni mikononi mwa mtu baki.

Lakini Shangazi wangu, tangu nisome ujumbe ule moyo wangu haujatulia. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu nitalia, na nikilia sitamaliza. Nawaomba, kwa heshima yote niliyonayo kwenu wakubwa wangu, vitabu vya Babu visifungiwe. Viendelee kuazimwa kama alivyokuwa akiviazimisha mwenyewe. Naomba unisikilize mpaka mwisho, halafu mtaamua nyinyi.

Miaka yake ya ualimu naijua kwa masimulizi yenu tu, maana mimi nilipozaliwa sauti yake ilikuwa imeshakwisha. Mmenisimulia jinsi alivyokuwa akifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, amesimama mlangoni kati ya vyumba viwili, huku wanafanya hesabu, kule anawasomesha jiografia. Kupaza sauti miaka yote ile katikati ya vumbi la chaki kukamharibu koo, mpaka daktari akamwambia achague moja: aipumzishe sauti au aipoteze kabisa. Bibi aliwahi kuniambia kwamba jioni ile Babu alikaa uani mpaka giza likaingia, hakugusa kitabu wala gazeti. Mtu ambaye hata chakula alikula huku anasoma.

Ndipo mwalimu mkuu akamkabidhi ufunguo wa stoo ya vitabu. Ilikuwa stoo hasa, wala usingeiita maktaba. Vitabu vilirundikwa sakafuni pamoja na madawati mabovu na mipira iliyopasuka. Babu aliingia na ufagio. Alitoa kitabu kimoja kimoja, akavipanga kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hukausha gundi ya mgongo na kukunja majalada. Vilivyoliwa na mchwa alivitenga, vilivyopona akavifuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Wewe Shangazi ulikuwa msichana mdogo wakati huo, na umenisimulia kwamba mlipewa kazi ya kupuliza vumbi kutoka kwenye kurasa mkawa mnapiga chafya mchana kutwa. Hadithi hiyo sichoki kuisikia.

Kazi ya ukutubi alijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kimoja kilichochakaa alichokikuta mle mle stoo, kinachoeleza mpango wa Melvil Dewey wa kuvipanga vitabu kwa namba kufuatana na mada. Huyo ni Mmarekani aliyetoa mpango wake mwaka 1876, akayagawa maarifa yote ya wanadamu katika mafungu kumi, kuanzia 000 mpaka 900. Falsafa 100, dini 200, elimu ya jamii 300, lugha 400, sayansi 500, ufundi 600, sanaa 700, fasihi 800, jiografia na historia 900. Sisi wajukuu tulizijua namba hizo kabla hatujajua kuzidisha kwa saba. Jioni alikuwa akituuliza kwa ule mnong'ono wake, "Nyota?" Tunajibu kwa pamoja, "520!" "Mifugo?" "636!" "Mapishi?" "641!" Halafu anatulia kidogo, anamtazama mmoja wetu: "Na fasihi ya Kiswahili?" Hapo anayejua alijivuna siku nzima, kwa sababu jibu lina tarakimu sita na nukta katikati: 896.392.

Alimheshimu Dewey, lakini hakumwogopa. Alituonyesha kwamba katika fungu la dini Ukristo umepewa nafasi kubwa kuanzia 220 mpaka 280 na ushei, na dini nyingine zote za dunia, Uislamu ukiwemo kwa namba 297, zikabanwa pamoja kwenye 290. Na lugha zetu na fasihi zetu zilisubiri mpaka mwisho kabisa wa mafungu yake. "Kila mpangaji huanza na chumba chake," alisema. Basi naye alianza na chake. Namba hakuzibadilisha, ila rafu ya 896.392 aliitoa kule mwisho ilikopaswa kuwa, akaileta mlangoni, usawa wa mkono wa mtoto wa darasa la tatu. Aliyeingia alikutana kwanza na lugha yake mwenyewe. Naamini hilo ni katika mambo makubwa aliyoyafanya, ingawa hakuna aliyempigia makofi kwa ajili yake.

Kadi zake za kutafutia vitabu mnazikumbuka. Kila kitabu kilikuwa na tatu: ya mwandishi, ya jina la kitabu, na ya mada. Upana sentimita 12.5, urefu 7.5, na tundu chini katikati la kupitisha waya ili zisimwagike. Kadi za dukani hazikupatikana, kwa hiyo alikata maboksi ya karatasi ngumu, akapima kwa rula, akatoboa kwa msumari. Nilipokuja huku nilizikuta kadi za namna hiyo kwenye maktaba moja ya zamani, wamezihifadhi ingawa kila kitu sasa kiko kwenye kompyuta. Nikaomba kushika moja. Kipimo kilikuwa kile kile.

Watu husema Babu aliacha ualimu akawa mkutubi. Mimi naona aliuendeleza ualimu wake humo humo. Darasani aliwaambia watoto arobaini jambo moja. Maktabani alimwambia kila mtoto jambo lake. Kwa kuwa sauti haikufika mbali, ilikubidi umsogelee ndipo umsikie, na ukimsogelea alikuwa ameshakutazama vizuri na kujua unahitaji nini. Kijana mtukutu aliyefukuzwa darasani alipewa kitabu cha mashine, akakaa chini ya dirisha mpaka kengele ya mwisho. Binti aliyekuwa hasemi neno alipewa tamthilia, akaambiwa asome sehemu za wahusika wote, kila mmoja kwa sauti yake. Hakumhubiria mtu. Alimpa kitabu, akamwachia nafasi.

Na jioni kulikuwa na wale watu wazima. Sijui kama wadogo zangu wanajua habari hii, kwa hiyo naomba uwasomee kwa sauti. Baada ya saa za shule Babu aliwafundisha kusoma watu ambao hawakupata nafasi hiyo utotoni. Alianza na a, e, i, o, u, kisha ba, be, bi, bo, bu, na kwa kuwa Kiswahili husomwa kama kinavyoandikwa, mtu aliyeshika silabi vizuri aliweza kuunganisha maneno yake mwenyewe mapema sana. Kila Septemba 8, siku ya kisomo ambayo UNESCO ilianza kuiadhimisha mwaka 1967, alimwomba mmoja wao asimame asome ukurasa mbele ya wenzake. Mwaka mmoja mama mmoja alisimama, lakini hakusoma kitabu. Alitoa barua kifuani, imekunjwa mpaka mikunjo imechanika. Ilikuwa ya mwanawe aliyekwenda kufanya kazi mbali. Miaka yote hiyo alikuwa akisomewa na watu, na kila msomaji aliruka mahali fulani. Siku hiyo akaisoma mwenyewe, silabi kwa silabi, mpaka akafika pale walipokuwa wakiruka. Nilikuwepo, mdogo, nimekaa miguuni kwa Babu. Sitaandika kilichokuwa kimeandikwa pale, kwa sababu ni siri ya yule mama. Nakumbuka tu kwamba alipomaliza aliikunja, akairudisha kifuani, akamwambia Babu, "Mwalimu, sasa nitamjibu mwenyewe."

Shangazi, mtu aliyeshuhudia jambo kama lile atavifungiaje vitabu kwa kufuli?

Nije kwenye habari yangu na yeye nikiwa huku. Nilipoondoka nyumbani alinipa fimbo yenye urefu wa mita moja kamili, aliyoichonga na kuipima mwenyewe. Nyote mlishangaa, nami nilishangaa pia. Ilipokaribia Machi akanipigia simu. Akanikumbusha habari za Eratosthenes, mkutubi wa Aleksandria, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Huyu alisikia kwamba kusini kabisa mwa Misri, mahali palipoitwa Syene, kuna siku moja kwa mwaka ambapo saa sita mchana jua humulika kisima mpaka chini, maana liko utosini hasa. Siku hiyo hiyo kule Aleksandria vitu vilikuwa na kivuli. Akapima pembe ya kivuli, akaona ni sehemu moja ya hamsini ya duara. Basi ukizidisha kwa hamsini umbali wa kati ya miji hiyo miwili, umepata mzingo wa dunia nzima. Hakusafiri popote. Alitumia kivuli, hesabu, na habari alizozikuta katika maandishi ya watu wengine.

"Na sisi tuna fimbo mbili," Babu akasema.

Machi 20, siku ambayo mchana na usiku hukaribia kulingana, nilisimamisha fimbo yangu kwenye bustani, nikaweka alama ya ncha ya kivuli kila baada ya muda mfupi. Alisisitiza nisifuate saa ya mkononi, nifuate kivuli chenyewe: kinapokuwa kifupi kuliko vyote ndiyo saa sita ya jua ya mahali nilipo. Naye alisimamisha ya kwake pale uani, watoto wa jirani wamemzunguka. Kivuli changu kilielekea kaskazini, urefu mita 1 na sentimita 28. Chake kilielekea kusini, sentimita 9 tu kasoro kidogo. Mimi nilipata pembe ya nyuzi 52, yeye nyuzi 5. Kwa kuwa vivuli vimeelekea pande tofauti, tunajumlisha: 57. Yeye akapima kwenye atlasi umbali wa kutoka kusini kwenda kaskazini kati yetu, kama kilomita 6,300. Tukagawa 360 kwa 57, tukazidisha. Ikaja karibu kilomita 39,800. Mzingo wa dunia ukipimwa kupitia ncha zake mbili ni kilomita 40,000 na kidogo.

Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Sasa najua uko mbali kiasi gani." Nami nilijua vilevile, lakini kwa mara ya kwanza tangu nifike huku umbali huo haukuniuma. Tulikuwa tumeupima pamoja. Watoto wale wa jirani, umeniambia, mpaka leo wanazungumza habari ya siku ile. Vitabu walivyokwenda kuviazima baada ya hapo, vya nyota na ramani, ni hivyo hivyo ambavyo sasa vinasubiri kuingia kabatini.

Tuzungumze na la utunzaji, kwa sababu najua Baba hofu yake kubwa ni kwamba vitabu vitaharibika. Hofu hiyo ina msingi, na Babu alikuwa nayo kutuzidi sote. Nani hakuwahi kupigwa kofi la mkono kwa kuchomoa kitabu kwa kukivuta juu ya mgongo? Alitufundisha kuvisukuma ndani vitabu viwili vya kando, kisha kukishika cha katikati kiunoni. Kitabu kipya alikifungua kurasa chache kutoka mbele, chache kutoka nyuma, akipishanisha hivyo mpaka afike katikati, ili mgongo ulegee bila kuvunjika. Ukurasa uliochanika aliuunga kwa karatasi nyembamba na gundi ya unga wa ngano aliyoipika mwenyewe, akaipaka kwa brashi ndogo, akaweka karatasi kavu juu na chini, na kitabu kizito cha kukandamiza usiku kucha. Selotepu aliichukia kabisa. Alinionyesha ukurasa uliobandikwa zamani: plastiki imeshabanduka na kuanguka, lakini gundi imezama kwenye karatasi na kuacha doa la kahawia lisilotoka tena.

Lakini yeye huyo huyo alisema kwamba adui wa kitabu ni kusahauliwa. Kabati lililofungwa halina hewa. Unyevu ukiingia hautoki, ukungu unaota, na wadudu wanapata mahali tulivu pa kuzaliana. Mchwa wanaweza kuingia kwa nyuma ya kabati, wakala kuanzia ndani, na kwa mbele kupitia kioo migongo ya vitabu ikaonekana mizima kabisa. Mtakuja kugundua siku mtakayofungua. Kitabu kinachoshikwa kila wiki hakiwezi kuliwa hivyo bila mtu kujua. Kwa hiyo hata kama shida yetu ni kuvihifadhi tu, kuviazimisha ndiyo njia ya kuvihifadhi.

Kuna mtu ambaye Babu alimpenda sana, nanyi mnaikumbuka picha yake ndogo iliyokatwa gazetini na kubandikwa ndani ya mlango wa maktaba. Ni S. R. Ranganathan wa India, aliyezaliwa mwaka 1892. Alikuwa mwalimu wa hesabu kama Babu. Mwaka 1924 akateuliwa kuwa mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras, na mwanzoni upweke wa kazi ile ulimchosha, akataka kurudi darasani. Wakubwa wake wakamwambia kwanza aende London akasome, na akirudi bado hataki, atarudishiwa ualimu. Alikwenda, akatembelea maktaba, akaona jinsi zinavyoweza kuwahudumia watu wa kila aina. Aliporudi hakuulizia tena ualimu. Mwaka 1931 akachapisha kanuni zake tano, na Babu alizikariri kama mashairi: vitabu ni vya kutumiwa, kila msomaji na kitabu chake, kila kitabu na msomaji wake, okoa muda wa msomaji, maktaba ni kiumbe kinachokua. Nafikiri Babu alimpenda kwa sababu alijiona ndani yake. Kazi ya maktaba Babu hakuiomba, akaja kuikuta ni yake.

Ile kanuni ya kwanza naomba muitafakari pamoja. Vitabu ni vya kutumiwa. Inaonekana jambo dogo mpaka ukumbuke kwamba kwa karne nyingi watu hawakuiamini. Mwaka jana nilikwenda mji wa Hereford, hapa Uingereza, kuona maktaba ya kanisa kuu lao. Makabati yake ni ya mwaka 1611, na vitabu bado viko kwenye minyororo yake ya zamani. Kila mnyororo umefungwa kwenye ukingo wa jalada la mbele, na upande wa pili umepita kwenye fimbo ya chuma iliyolazwa kwenye rafu, nayo fimbo imefungwa kwa kufuli. Ili mnyororo usijisokote, vitabu husimama vimegeuka: mgongo ndani, kurasa nje. Ukitazama rafu unaona kurasa tu na vyuma vinavyoning'inia, huoni jina la kitabu hata kimoja. Zamani kitabu kilichonakiliwa kwa mkono kilikuwa mali kubwa, nao walikuwa na sababu yao. Lakini chini ya rafu wameweka meza, na mnyororo una urefu wa kufika mezani. Waliofunga vile vyuma walihakikisha kwamba mtu anaweza kukaa, kukifungua, na kusoma. Nilisimama pale nikapiga picha ya kumtumia Babu. Ilimfikia, akaniuliza swali moja tu: "Wanasoma bado?"

Ndiyo maana nilipoona kufuli kwenye picha yako niliumia, Shangazi. Hata minyororo ile iliacha kitabu kifunguke.

Sasa niseme la daftari, ambalo kwangu ndilo urithi wenyewe hasa. Mnalo lile kubwa lenye jalada gumu la bluu. Lina safu za kawaida: tarehe, namba, jina la kitabu, aliyeazima, tarehe ya kurudisha. Lakini tazameni upande wa kulia kabisa. Kuna safu ambayo aliichora mwenyewe kwa kalamu nyekundu, juu yake ameandika "Alichosema". Kila aliyerudisha kitabu aliombwa sentensi moja, na Babu aliiandika kama ilivyo bila kuisahihisha. "Nimefika ukurasa wa 40 nikachoka, nitakirudia." "Mama amekisoma kabla yangu." "Yule kaka hakustahili kusamehewa." "Sikujua mwezi hauna mwanga wake." Faini hakutoza hata siku moja, kwa sababu aliyechelewa huenda bado anasoma, na aliyetozwa harudi tena. Kitabu kilichopotea aliandika "kiko safarini", basi. Miaka na miaka ya watu wetu wakisema walichokisoma, kwa maneno yao wenyewe, imo mle. Mkitaka kitu cha kuweka ndani ya kabati lenye kufuli, wekeni madaftari yaliyokwisha. Hayo ni ya kulindwa kweli, maana nakala nyingine hakuna duniani. Vitabu viacheni vitoke.

Uliniambia kwamba msibani watu walikuja na vitabu mikononi. Mzee mmoja alirudisha alichokiazima kabla sijazaliwa, akakiweka mezani akaondoka bila neno. Nililia sana niliposikia. Lakini nikajiuliza, je, kuna aliyewauliza watu wale walichosema? Ile safu nyekundu itakuwa tupu kwa vitabu vyote hivyo. Naomba mdogo wangu yule mwenye mwandiko mzuri akae na daftari, awafuate mmoja mmoja bila haraka, awaulize sentensi yao, aandike kama wanavyosema. Hiyo ndiyo kumbukumbu ninayoweza kuifikiria kwa ajili ya Babu ambayo yeye mwenyewe angeifurahia.

Mengine ni madogo. Kabati tulitumie, ni zuri, ila milango ya vioo iondolewe au iachwe wazi mchana, na lisiegemezwe ukutani moja kwa moja. Libaki na nafasi nyuma, upana wa kiganja, hewa ipite. Rafu ya 896.392 iwe karibu na mlango. Picha ya Babu ikae palepale mlipopanga. Gharama za daftari jipya na karatasi za kutengenezea nitatuma mimi mwisho wa mwezi, na kila mwaka nitaongeza vitabu kadiri nitakavyoweza, kwa sababu kanuni ya tano inasema kiumbe hiki kinakua, na kisipokua kitakufa. Baba akiona vitabu vinapungua mno, nitakubali tuzungumze upya. Sitaki kumshindania baba yangu juu ya baba yake.

La mwisho ni dogo lakini lina haraka. Nyuma ya daftari la sasa kuna ukurasa wa wanaosubiri. Mara ya mwisho nilipoongea na Babu alinieleza habari za binti wa nyumba ya tatu, mmoja wa wale walioshika fimbo siku ile ya kivuli. Anasubiri kitabu cha nyota, kile chenye jalada la kijani, namba 520. Babu alisema kiko kwa mwalimu mmoja na kikirudi tu atampelekea mwenyewe. Katika picha zako nimekiona, kiko juu ya rundo la vile vilivyorudishwa msibani. Naomba umwite yule binti wiki hii, apewe, na tarehe iandikwe.

Wasalimie wote. Mwambie Bibi nitapiga simu Jumapili.

Ni mimi mjukuu wenu.